Kochin: unanunua manyoya, unafuga manyoya

Mtu akimwona jogoo wa Kochin aliyekomaa kwa mara ya kwanza hudhani ana kilo nane. Mshike. Ni kilo tano, na vidole vyako vimezama kwenye manyoya muda mrefu kabla havijagusa nyama. Sehemu kubwa ya unachokiona kwa kuku huyu ni manyoya, na karibu kila tatizo utakalolipata naye, kuanzia mayai yasiyo na mbegu hadi kifaranga kukatika kidole, linatokana na manyoya hayohayo uliyoyalipia. Wengi wanaoshindwa na Kochin ni watu wanaojua kuku vizuri. Wanashindwa kwa sababu wanamfuga kama kuku mwingine yeyote.

Asili yake ni China. Alifika Uingereza miaka ya 1840, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa waliomfuga mwanzo, na haukupita muda Waingereza na Wamarekani wakashikwa na wazimu wa kuku, bei zikapanda hadi watu wakashangaana. Jina lenyewe limekosewa: Cochin-China ni kusini mwa Vietnam, ilhali kuku hawa walisafirishwa kupitia Shanghai, na mwanzoni wengi waliwaita kwa jina la mji huo. Kuku wale wa kwanza walikuwa warefu zaidi kuliko hawa wa leo, na miguu yao haikuwa na manyoya mengi. Wafugaji wa maonyesho wakachagua manyoya, kizazi baada ya kizazi, utagaji ukabaki nyuma. Kwa hiyo ukiambiwa Kochin ni kuku wa mayai, mjue anayekuambia ana vifaranga vya kuuza. Koo mzuri hutaga mayai ya kahawia mia moja na hamsini hivi kwa mwaka, wengi hawafiki hapo, na yai ni dogo ukilinganisha na umbo la mama yake.

Kabla hujatoa pesa

Kochin si kuchi. Majina yanafanana na matangazo ya mtandaoni yanazidi kuyachanganya. Kuchi ni kuku wetu huku: mrefu, shingo ndefu, miguu mitupu, manyoya yaliyobana mwilini, na ugomvi ndio sifa yake. Kochin ni mfupi, wa mviringo, mpole kiasi kwamba kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu humfukuza kwenye chakula.

Kinachouzwa sana kwa jina la Kochin ni chotara wa Brahma, kuku mwingine mkubwa mwenye manyoya miguuni. Tazama upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Kochin ana upanga mmoja uliosimama wima, wenye ncha tano zilizokatika vizuri. Brahma ana upanga mfupi wenye mistari mitatu iliyolala kichwani, na upanga huo ndio unaotawala wazazi wakichanganywa. Ukiona upanga wa mafungu, mnene, au uliovimba bila ncha zinazohesabika, damu ya Brahma imo. Brahma pia ana paji la uso lililojitokeza juu ya macho, na mgongo wake ni mrefu zaidi. Kwa Kochin wadogo, wale bantamu wasiofika kilo moja, mchanganyiko wa kawaida ni Silkie, kuku mdogo wa manyoya kama sufu. Hesabu vidole: Kochin ana vinne, Silkie vitano. Pangua manyoya ya kidari uone ngozi. Kochin ana ngozi ya njano. Ikiwa na weusi au kijivu, rudisha pesa mfukoni.

Miguu iwe ya njano, ingawa kwa Kochin weusi muundi unaweza kuwa na kiza, na hapo utazame nyayo. Ngozi ya njano hufichwa na ngozi nyeupe wakichanganywa, hivyo miguu myeupe kwa ndege mchanga ni dalili kwamba mzazi mmoja alitoka kwingine. Kwa ndege mchanga, nasema, kwa sababu koo aliyetaga miezi kadhaa hupauka miguu hata akiwa safi kabisa. Ile njano imekwenda kwenye viini vya mayai.

Kisha angalia manyoya ya miguuni. Yashuke upande wa nje wa muundi wote, yafunike kidole cha nje na cha kati. Kidole cha kati kikiwa kitupu, huyo si wa kuzalisha. Kwenye kifundo cha mguu, manyoya yawe laini na yajikunje kuuzunguka. Yakichomoza nyuma marefu, magumu na yaliyonyooka kama mabawa madogo, hilo ni kosa kubwa kwenye viwango vya maonyesho, na hurithiwa.

Uzito ulioandikwa kwenye viwango vya Marekani, ambavyo viliwaingiza Kochin wa rangi ya dhahabu, kware, nyeupe na nyeusi tangu 1874, ni kilo 5 kwa jogoo, 3.9 kwa koo, 4.1 kwa pora, yaani jogoo kijana, na 3.2 kwa tetea, yaani jike kijana. Waingereza wanataka wazito zaidi. Nunua mzani wa kuning'iniza, upime. Macho hayawezi kupima Kochin.

Banda: ukavu kwanza

Kochin haruki. Uzio wa mita moja unamtosha, na huo ni wa kuzuia mbwa kuliko kumzuia yeye. Kichanja kisizidi sentimita 30 kutoka chini, na ubao uwe na upana wa sentimita 8 hadi 10, kingo zimelainishwa. Ndege wa kilo tano akiruka kutoka mita moja na nusu kila asubuhi hupata jeraha la wayo, likaingia uchafu, likavimba usaha mgumu ambao dawa ya kunywa haiufikii. Wengi wao watalala sakafuni tu. Waache, mradi sakafu ni kavu.

Ndani weka nusu mita ya mraba kwa kila ndege mkubwa. Matandiko yawe maranda au pumba za mpunga, kina cha sentimita 8 hadi 10, yageuzwe kila wiki na yaondolewe yakianza kushikana. Maranda makavu yanazidi pumba kwa Kochin, kwa sababu pumba hunasa katikati ya manyoya ya vidole na kubeba kinyesi. Vumbi la mbao laini kama unga usilitumie kabisa. Huziba pua, na vifaranga hulila.

Chombo cha maji ndipo unyevu unapoanzia. Kiweke juu ya fremu ya wavu, chini yake kokoto, ili maji yanayomwagika yashuke mbali na miguu. Chuchu za kunyweshea ni bora zaidi kama una bomba. Ndege hawa huingia na miguu yao kwenye beseni lolote lililo wazi, wakatoka wameloa, wakatembea kwenye kinyesi, na jioni kila kidole kina donge.

Donge hilo usilivute. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, lisage kwa vidole hadi lipukutike lenyewe. Ukilivuta linatoka na manyoya, na wakati mwingine na ukucha. Likiachwa likauke, hukaza kama saruji na kuzuia damu; hivyo ndivyo ndege anavyopoteza kidole.

Masika, wafungie ndani. Si anasa. Siku mbili za tope zinaharibu manyoya ya miguu yaliyochukua miezi, na unyoya uliovunjika hauoti upya hadi ndege anyonyoke.

Kuhusu joto nitasema wazi: Njombe, Mbeya, Lushoto, Arusha ya juu, Limuru na Nyeri ni nchi ya Kochin. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa siyo. Ukipenda kwa lazima, fuga bantamu, na banda liwe wazi pande mbili, paa la makuti au lenye dari chini ya bati, mkondo wa upepo usawa wa sakafu maana hapo ndipo alipo. Zaidi ya nyuzi 30 ataanza kuhema mdomo wazi. Jogoo aliyepitia wiki ya joto kali anaweza kupoteza nguvu ya mbegu kwa wiki kadhaa baadaye, huku akionekana mzima na akiwika.

Kupandisha, na mkasi

Ugonjwa wa kwanza wa biashara hii ni mayai meupe, yaani yasiyo na mbegu. Unamulika siku ya saba, yai linapitisha mwanga kama glasi, jogoo analaumiwa. Mara nyingi jogoo hana kosa. Kochin ana takia la manyoya juu ya mkia na sufi nzito chini, koo na jogoo wote wawili, na matundu ya haja hayakutani.

Dawa ni mkasi. Kabla ya msimu, mtu mmoja amshike ndege kichwa kikiwa kwapani, mwingine akate manyoya yote kuzunguka tundu la haja, duara la sentimita tatu hadi nne, karibu na ngozi lakini bila kuigusa. Kwa koo endelea juu, upunguze takia upande wa mkia ili jogoo apate pa kusimama. Kwa jogoo, punguza pia manyoya marefu ya miguu, hasa ya vidole, kwa sababu huteleza nayo juu ya mgongo wa koo na kuwakanyaga wakashtuka.

Kata, usinyonyoe. Unyoya uliokatwa hubaki kisiki hadi ndege abadilishe manyoya, kwa hiyo kazi inakaa msimu mzima. Ukiung'oa, mwingine unaota, na ndani ya miezi miwili umerudi ulipokuwa. Anayetaka kupeleka ndege kwenye maonyesho mwaka huohuo ndiye ang'oe. Na kabla ya kukata tazama mzizi: ukiwa mweusi au wa buluu, mnene, huo ni unyoya unaokua na una damu ndani. Ukikatwa unavuja, na wenzake wakiona damu wataidonoa hadi nyama. Ukikosea, bana kwa unga laini wa mahindi hadi ikauke, mtenge.

Jogoo mmoja kwa koo watatu hadi watano. Bantamu anaweza sita. Jogoo atumike kuanzia mwaka mmoja. Akipita miaka mitatu, jogoo mkubwa hushuka sana. Koo naye asizalishwe akiwa tetea wa mayai ya kwanza: huanza kutaga akiwa na miezi saba hadi tisa, lakini umbo lake kamili hulijui hadi afikishe mwaka, na ukizalisha kabla unazalisha usichokiona.

Koo akipandwa mara moja huweza kutoa mayai yenye mbegu kwa wiki mbili, hata tatu. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu kabla ya kuhesabu mayai ni ya jogoo mpya. Hapa ndipo watu wanapouziana "damu safi" ambayo baba yake ni jogoo wa jirani.

Familia tatu za ukoo mmoja

Kochin bora Afrika Mashariki ni wachache, na wengi ni ndugu. Ukinunua jogoo na matetea wanne kwa mtu mmoja, ukazalisha watoto na baba, halafu kaka na dada, mwaka wa tatu utaona vifaranga wanakufa ndani ya ganda siku ya 18, vidole vimepinda, mayai meupe licha ya mkasi.

Mpango rahisi ni familia tatu. Kila moja jogoo mmoja, koo wanne. Jumla ndege 15. Ziite nyekundu, njano na kijani kwa rangi ya pete. Matetea wanabaki kwenye familia ya mama yao daima. Mapora wanasonga: bora wa nyekundu anakwenda njano, wa njano anakwenda kijani, wa kijani anarudi nyekundu. Kila msimu, mwelekeo uleule. Kwa mpango huu kaka hapandi dada, baba hapandi binti, na unaweza kukaa miaka mingi bila kuleta ndege wa nje. Ukileta, mweke peke yake siku 30, umpe koo wawili tu kwanza, uone watoto kabla hujammwaga kwenye familia nzima.

Pete za miguuni zina kasoro kwa Kochin: hazionekani. Zinazama kwenye manyoya, mguu unanenepa, pete inakata ngozi na hakuna aliyegundua. Zikague kila mwezi, au tumia pete za bawa. Vifaranga watie alama siku ya kwanza kwa kutoboa utando wa kati ya vidole kwa kitobozi kidogo. Kila familia na nafasi yake. Alama hiyo haipotei.

Mayai na mashine

Kusanya mara tatu kwa siku, kwa sababu miguu yenye manyoya hubeba uchafu hadi kwenye kiota na yai chafu hulipuka kwenye mashine. Usiyaoshe. Lenye doa dogo kwangua kwa sandpepa laini. Lililojaa uchafu kaangia chai. Hifadhi ncha butu juu, nyuzi 15 hadi 18, usizidishe siku saba. Baada ya hapo kila siku inakula asilimia ya vifaranga wako.

Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5 hadi 37.7. Isiyo na feni iwe kama 38.5, kipimajoto kikiwa usawa wa juu wa mayai. Unyevu asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70. Geuza mara tano kwa siku, au tatu, lakini idadi iwe witiri ili yai lisilale upande mmoja kila usiku. Siku ya 18 acha kugeuza. Siku ya 21 wanatoka. Wachache hukawia hadi siku ya 22.

Hizo ni namba za kitabu, na kitabu hakiishi Limuru wala Eldoret. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na yai linapoteza maji haraka. Badala ya kuamini kipima unyevu cha bei rahisi, pima mayai yenyewe. Yai linapaswa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito hadi siku ya 18. Yai la gramu 60 liwe kama gramu 53. Likiwa zito kuliko hapo, punguza maji; likiwa jepesi, ongeza. Mzani wa jikoni wa gramu moja moja unatosha.

Kumulika ndiko kunakokuambia kosa liko wapi, kwa hiyo andika. Yai la siku ya saba lisilo na mshipa wowote halikuwa na mbegu: rudi kwenye mkasi, jogoo, joto. Lenye pete ya damu lilianza likafa: mayai yalikaa sana, yalitikisika safarini, au joto la mashine lilipanda. Vifaranga waliokamilika wakafa bila kutoboa ganda ni suala la unyevu, kugeuza, au chakula cha wazazi. Mfugaji anayeyatupa yote kwenye ndoo moja na kusema "viza" hatapona tatizo lake.

Koo wa Kochin mwenyewe hupenda kuatamia kuliko kula. Mpe mayai yake kumi, si zaidi, kwenye kiota cha chini chenye upana wa sentimita 40 na matandiko mengi, na upunguze manyoya ya miguu yake kwanza, la sivyo kila akiinuka anaburuta yai moja nje. Mpake dawa ya unga ya utitiri kabla hajakaa. Wiki tatu juu ya mayai ni karamu ya wadudu. Uzito wake pia ni hatari siku ya kutotoa, hivyo wengine humwachia mayai hadi siku ya 18 kisha humalizia kwenye mashine. Naona ni busara. Asiyehitajika kuatamia, mweke siku tatu kwenye tundu la sakafu ya wavu lenye hewa chini, na maji na chakula. Tumbo likipoa anaacha.

Vifaranga

Manyoya ya miguu yanaonekana siku ya kwanza, vinyoya laini upande wa nje wa muundi na vidole. Asiye nayo, au mwenye kidole cha kati kitupu, mtie alama ya kuliwa.

Bruda, sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ianze nyuzi 33 hadi 35, ishuke nyuzi tatu kila wiki. Sakafu isiwe gazeti. Linateleza, na kifaranga mzito hufunguka mapaja, moja huku moja kule. Gunia au karatasi ya kukwaruza kwa siku nne za kwanza, halafu maranda.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: huyu kuku wa manyoya mengi huchelewa kuyaota. Wiki ya tano kuku wa kawaida amevaa, Kochin, hasa pora, ana mgongo mtupu kama aliyechunwa. Usimnyime taa kwa kufuata kalenda ya kuku wa mayai. Nyanda za juu waendelee na joto la usiku hadi wiki ya saba. Wasongamane, matandiko yaloe: hapo kuhara damu kunaingia. Dawa ya amprolium kwenye maji kwa siku tano, na matandiko yote yabadilishwe siku hiyohiyo, maana dawa bila matandiko mapya ni kumwaga pesa.

Kagua vidole kila baada ya siku tatu. Kinyesi hushika vinyoya vya vidole na kuganda kama shanga. Kifaranga wa siku kumi hukatika kidole ndani ya wiki moja.

Mpango mzuri wa mwaka ni kutotolesha Juni na Julai. Masika yamekwisha, ardhi imekauka, jogoo hana joto, na vifaranga wanafika vuli wakiwa na miezi minne na uwezo wa kukaa ndani bila taa.

Chakula

Unyoya ni protini, karibu wote. Vifaranga wapewe chakula chenye protini asilimia 20 kwa wiki nane, kisha cha kukuzia asilimia 16 hadi 17 hadi wafikishe miezi sita, kwa sababu bado wanajenga mwili wakati kuku wa kisasa wa mayai ameshaanza kutaga. Usiwape chakula cha kutagia mapema ati ni kilekile. Kalsiamu yake, asilimia 3.5 au zaidi, huharibu figo za ndege asiyetaga.

Mkubwa hula gramu 150 hadi 180 kwa siku. Hatembei sana, hivyo kumwongezea mahindi kunamjaza mafuta tumboni, na koo mwenye mafuta hatagi vizuri na mbegu haishiki. Bonyeza chini ya kidari, kati ya mifupa ya nyonga: iwe laini, isiwe kama umeshika mfuko wa siagi. Wakati wa kunyonyoka, wiki nane hadi kumi na mbili, mayai yanasimama. Ongeza dagaa waliosagwa wasio na chumvi nyingi, au mashudu ya alizeti, konzi moja kwa ndege wanne kila siku.

Wazazi wanaohitajika kwa mayai ya kutotolesha wasitegemee chakula cha kutagia pekee. Kimepimwa kwa yai la kuliwa. Kiinitete kinahitaji vitamini zaidi, hasa B2, na upungufu wake unaua vifaranga ndani ya ganda au unawatoa wamekunja vidole ndani. Mchicha, sukuma wiki au majani ya lusini kila siku, na vitamini kwenye maji siku mbili kwa wiki, kuanzia wiki tatu kabla ya kukusanya mayai. Ganda la chaza au chokaa ya kuku iwekwe chombo chake peke yake. Koo atachukua, jogoo ataacha.

Wadudu wanaojificha, na chanjo

Kwa kuku wa kawaida unamwona utitiri. Kwa Kochin lazima umtafute. Kila wiki mbili mgeuze ndege, pangua sufi ya chini ya tundu la haja kwa mwanga mzuri. Ngozi nyekundu, vumbi jeusi linalotembea, mayai meupe yameshika mzizi wa unyoya kama chumvi: huo ni utitiri au chawa. Dawa ya unga ifike kwenye ngozi, si juu ya manyoya, na irudiwe siku ya kumi ili iwakute waliototolewa baadaye. Weka boksi la mchanga mkavu na majivu, robo tatu kwa robo, mahali pasipofika mvua.

Utitiri wa magamba ya miguu ndio mjanja zaidi, kwani manyoya yanafunika muundi wote. Pitisha kidole kwenye mguu dhidi ya magamba. Yakiinuka, yakiwa na unga mweupe chini yake, tayari. Paka mafuta mazito ya mgando mguu mzima kila siku tatu kwa wiki tatu, yanawakosesha hewa. Manyoya yatachafuka. Bora hivyo.

Kideri hakichagui kuku wa bei. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, irudiwe kila miezi mitatu, ndege wote siku moja. Gumboro wiki ya pili na ya nne, ndui kwa sindano ya bawa kati ya wiki ya sita na ya nane. Mahepe ni chanjo ya siku ya kwanza tu, na kwa Kochin inafaa kuihangaikia: ugonjwa huo hupiga ndege wa miezi mitatu hadi mitano, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na mpaka hapo ameshakula chakula chako chote cha kukua. Kwa dozi na ratiba ya eneo lako mwone daktari wa mifugo, kwa sababu chanjo zinatofautiana kwa mtengenezaji.

Kuchuja

Wiki ya nane ondoa wenye makosa yasiyorekebishika: mdomo uliopishana, vidole vilivyopinda, kidole cha kati kitupu, mkia uliolalia upande mmoja. Usihukumu umbo. Kochin wa miezi minne ni fupa refu lenye miguu, na wengi huwauza vijana wao bora wakati huo kwa sababu wale waliojaa mapema wanaonekana wazuri zaidi. Waliojaa mapema mara nyingi huishia wadogo.

Akifikisha miezi sita pima uzito, tazama upanga na masikio. Sikio liwe jekundu, weupe ni kosa. Uamuzi wa mwisho ni akifikisha miezi kumi na miwili. Simama umtazame ubavuni: mgongo mfupi, unaopanda kutoka mabegani na kuingia kwenye takia bila kukatika, mkia umezama humo. Kidari kiko chini, kimejaa. Kisha mtazame kutoka juu na kutoka nyuma. Popote unapomtazama, aonekane mviringo. Mwenye ncha mahali fulani, hata akiwa na manyoya ya ajabu miguuni, ni wa mchuzi. Katika vifaranga kumi, ukipata wawili wa kuzalisha umebahatika.

Rangi, kwa kifupi

Nyeusi ndiyo rahisi, na ndiyo naipendekeza kwa anayeanza, kwani umbo ndilo utakalojifunza kwanza. Buluu haizai buluu tupu: buluu kwa buluu hutoa robo nyeusi, nusu buluu, robo nyeupe yenye mabato. Ukitaka wote wawe buluu, panda mweusi na wa mabato. Dhahabu hupauka juani, hivyo wanahitaji kivuli. Wanaobaki sawa mpaka mizizi ya manyoya ndio wa kuzalisha. Weupe hugeuka manjano kwa jua na kwa mahindi ya njano mengi, lakini miguu yao inahitaji hiyo njano, kwa hiyo wape rangi kwa majani mabichi, mahindi yawe meupe.

Na kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda kwenda mbele, anapendwa sana kwa Kochin bantamu. Mpandishe na mwenye manyoya ya kawaida daima. Nusu ya watoto watakuwa kidimu. Kidimu kwa kidimu hutoa robo ya watoto wenye manyoya membamba yanayokatika ukiyagusa. Hao hubaki uchi, wakaungua na jua mchana, wakatetemeka usiku. Anayekuuzia jogoo na koo wote kidimu kama "jozi ya kuzalisha", mwambie akubadilishie mmoja.